SOMO: Kuchagua hema la kukaa peke yako wiki tatu porini ukiwa na goti bovu

Wakuu, salaam.

Tangu niliposema humu kwamba nakaa peke yangu upande wa Itigi kuangalia mizinga yangu ya nyuki, na kwamba goti langu la kushoto halikunjiki, kila wiki napokea ujumbe uleule: "Mzee, hema gani zuri?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara hii moja, atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Kwa wasionijua: nina miaka 58, goti niliumia kwa bodaboda, natembea na gongo moja. Naondoka Dodoma mjini kwa basi, mzigo kwenye buti, nikifika nachukua toyo mpaka kambini. Sibebi kitu mgongoni. Kwa hiyo wale wa "hema langu lina kilo moja na nusu", hongereni, somo hili si lenu.

Hatua ya 1: Anza na kitanda, hema baadaye

Karibu wote mnaanza na hema halafu mnatafuta cha kulalia kitakachoingia humo. Geuzeni. Asiyeweza kuinuka kutoka chini asilale chini, basi. Tafuta kitanda cha kukunja chenye kimo cha kiti cha kawaida, sentimita 42 hadi 48. Kipime jioni ukiwa umechoka: kaa, inuka, kaa, inuka, mara tano. Vile vitanda vya kimo cha sentimita 15 au 20 ni kulala chini kwa gharama kubwa.

Halafu kaa juu yake godoro likiwepo, mtu akupime kutoka sakafuni hadi utosini. Mimi nilipata 136. Ongeza kiganja kimoja. Hicho ndicho kimo cha paa unachotaka pale kitanda kitakapokaa, na kitanda hakikai katikati ya hema, kinakaa ukutani. Kimo kilichoandikwa kwenye mfuko ni cha katikati. Hema la kuba lenye 150 katikati linaweza kukukwaruza kichwa ukikaa pembeni.

Hatua ya 2: Idadi ya watu kwenye mfuko

Isahau. Hema la "watu wanne" ndilo la mtu mmoja mwenye kitanda, gongo na ndoo.

Hatua ya 3: Mlango

Hapa ndipo nilipoharibu, nisikilizeni vizuri.

Hema langu la kwanza nililipata kwenye mitumba. Kuba, la bluu, safi kabisa. Muuzaji alilikunjua nusu, nikachungulia, nikalipa, nikajiona mjanja. Usiku wa tatu niko kando ya Bwawa la Mtera, mwezi wa saba, upepo unapiga, saa tisa usiku mkojo umenibana. Mlango ulikuwa wa nusu mwezi, kimo sentimita 90 hivi, na kizingiti cha kitambaa kimesimama kiganja kizima juu ya ardhi. Mwenye magoti mawili anatambaa tu anatoka. Mimi nilitoka kwa makalio nimetanguliza mguu mbovu. Kisigino kikanasa kizingitini. Nikadaka ufito nisianguke, ufito wa faiba ukapasuka, hema lote likanilalia. Kuvuta zipu, imeuma kitambaa. Nikakaa hapo hadi alfajiri, nusu ndani nusu nje, nimelowa (msiniulize nimelowa nini), nasikiliza viboko wakikoroma majini. Asubuhi kijana mvuvi ndiye aliyenitoa. Alicheka kwanza.

Kwa hiyo:

Mlango uwe wima na mrefu, sentimita 170 kwenda juu, na upana wa kupita wewe na gongo lako kwa pamoja bila kugeuka ubavu.

Kizingiti kiwe cha kufungua na kulaza chini, chenye vibanio pembeni. Ukikuta kimeshonwa moja kwa moja, usikate. Nimeona watu wanakata. Hicho ndicho kinachozuia maji, nge na nyoka. Mpelekee fundi wa maturubai ya malori, akifumue pembeni na kutia vibanio. Usiku wa kiangazi unakisimamisha ukishaingia, alfajiri unakilaza kabla ya kuweka mguu chini.

USISHIKE UFITO. Ufito wa hema si mkono wa ngazi. Mimi sasa nachimbia mti nje ya mlango, unene wa mpini wa jembe au zaidi, nusu mita ardhini, upande wa mkono wangu wenye nguvu. Huo ndio naushika. Huwa nauchimbia kabla ya kushusha hata begi.

Hema lenye milango miwili ni bora. Mmoja ukigoma, upo mwingine.

Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alisimamishe lote. Ingia, kaa, fumba macho, toka. Akikataa, kaa na hela yako.

Hatua ya 4: Kulisimamisha peke yako

Mahema ya kufyatuka yanawadanganya wengi. Kufunguka ni sekunde mbili, unalirusha tu. Kulirudisha kwenye mfuko wake unapiga magoti, unalipinda, unalikalia, linakurukia usoni. Kama mikono au magoti yako yana shida, utalirudisha nyumbani likiwa wazi juu ya toyo kama tiara.

Mahema marefu ya umbo la handaki hayasimami mpaka yachomekwe vigingi, yaani unainama kwanza ndipo upate hema. Linalonifaa mimi ni lile ambalo fito zake zimeunganishwa tayari na hema: unalitandaza, unavuta miguu moja moja inajifunga yenyewe, kazi yote umesimama au umekaa kwenye kigoda. Ni zito, langu linapita kilo kumi. Naligawa: fito mfuko wake, kitambaa mfuko wake.

Vigingi vinavyokuja na hema ni vya bustani za Ulaya. Udongo wetu mwekundu wakati wa kiangazi ni kama saruji. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie nondo ya milimita 8, urefu sentimita 30, kichwa akipinde. Mwagia maji sehemu za vigingi, subiri, ndipo ugonge. Kwenye mchanga wa makorongo kigingi hakishiki kabisa: jaza viroba mchanga, ufunge kamba huko. Ila usilale ndani ya korongo lenyewe hata kama halijaona maji mwaka mzima. Mvua inanyesha Kondoa, wewe una nyota juu yako, maji yanakukuta usingizini. Na wewe huwezi kukimbia.

Upepo wetu wa mwezi wa sita hadi wa tisa unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Mlango utazame upande mwingine.

Hatua ya 5: Rangi

Hakuna anayeuliza hili na ni muhimu. Ukienda upande wa Manyoni karibu na mapori ya Muhesi, Kizigo na Rungwa kuna mbung'o, na mbung'o wanapenda bluu na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Mtu ananunua hema la bluu halafu anashangaa. Nyuki nao wanakasirishwa zaidi na rangi za giza. Chukua rangi ya mchanga, kijivu cheupe au kijani kilichopauka.

Hatua ya 6: Jua na mvua

Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, ila zikija zinakuja kwa hasira. Kinga ya maji milimita 3000 kwa sakafu inatosha (ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla ya kuvuja). Turubai la chini lisizidi ukingo wa hema, litakuletea maji ndani. Kwa jua, funga turubai lingine juu ya hema, liache nafasi ya futi moja hewa ipite. Jua la Oktoba hapa linakula kitambaa kuliko mvua.

Hatua ya 7

Lala nalo uani kwako siku tatu kwanza.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

---

Kizota Boy: Mkuu naomba bei na namba ya muuzaji.

Mleta mada: Sijaweka muuzaji kwa sababu sina. Umesoma hatua ngapi?

Kizota Boy: Nimepitia juu juu.

Mleta mada: Hema nalo utalipitia juu juu. Rudi hatua ya 3.

Mama Zabibu: Shikamoo kaka. Mimi miguu mizima, tatizo mikono. Baridi yabisi, vidole asubuhi havikunji. Nataka kukaa shambani Hombolo wakati wa mavuno ya zabibu, ndege na wezi wananimaliza. Zipu ndiyo inanitesa.

Mleta mada: Marahaba dada yangu, swali zuri sana. Kwanza angalia namba ya zipu, mara nyingi imechongwa nyuma ya kichwa chake. Namba 5 ni ndogo, inauma kitambaa. Tafuta 8 au 10. Pili, funga kitanzi cha kamba nene kwenye kila kichwa cha zipu, kikubwa cha kupitisha ngumi, uvute kwa kifundo cha mkono badala ya vidole. Tatu, sugua meno ya zipu kwa mshumaa baada ya kupiga mswaki vumbi. Vumbi la Hombolo unalijua. Fundi anaweza pia kukushonea pazia zito lenye sumaku au velkro (utepe wa kubandika na kubandua) kwa mchana, zipu ukaiachia usiku tu. Na kamba za hema zisiwe za kufunga mafundo, weka vile vibanio vya kuteleza.

Mama Zabibu: Sikuwahi kufikiria kitanzi. Asante sana.

Mjuaji wa Area C: Kwa nini ujitese? Mtu mwenye ulemavu porini peke yake ni kujitafutia matatizo. Lala gesti Manyoni, asubuhi nenda mzingani.

Mleta mada: Mizinga 60 hailindwi kutoka gesti. Na sikuuliza ruhusa, niliandika somo la hema.

Mjuaji wa Area C: Nilikuwa nashauri tu mzee, usikasirike.

Mleta mada: Sijakasirika. Ila ushauri huo nimepewa na kila mtu tangu nitoke hospitali. Kama unataka kujua usalama wangu: mwenyekiti wa kitongoji anajua nilipo, nampigia kila jioni saa kumi na mbili, nisipopiga anatuma kijana. Filimbi shingoni. Na wengine mjue, pori la akiba halilalwi bila kibali cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori), msitu wa hifadhi waulizeni TFS (wakala wa misitu).

Chali wa Ipagala: Julai baridi kali usiku, naweza kuweka jiko la mkaa ndani nikifungua dirisha kidogo?

Mleta mada: Hapana.

Chali wa Ipagala: Hata dogo?

Mleta mada: Utakufa usingizini, hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Blanketi mbili na chupa ya maji ya moto miguuni.

Babu wa Mpwapwa: Unasifia hizi nailoni. Sisi tulilala kwenye turubai la pamba miaka, halina joto, halipigi kelele kwa upepo. Lako litapauka misimu miwili.

Mleta mada: Sijasifia, nimesema linalonifaa. Turubai la pamba nalijua, ni kweli linapumua. Lakini likilowa nani atalibeba? Na mchwa je? Wiki tatu sehemu moja, nimekuta wamekula kona ya godoro.

Babu wa Mpwapwa: Mchwa ni wewe kutokagua. Tandika nailoni nzito chini, kila siku ya nne unainua kona unafagia. Na usiweke kambi jirani na kichuguu kilicho hai.

Mleta mada: Hilo la siku ya nne nalichukua, mzee. Mwenye gari akachukue la pamba, nakubali.

Binti wa Kolo: Natumia kiti mwendo muda wote. Nimekulia karibu na michoro ya miambani ya Kondoa, kuna eneo la tambarare nataka kukaa siku kumi nichore. Somo lako ni la wanaosimama. Mimi je?

Mleta mada: Umenikamata, ni kweli sikukufikiria. Nisaidie, kiti chako upana gani?

Binti wa Kolo: 64, kwa magurudumu. Naweza kuhamia kitandani mwenyewe kama vinalingana kimo.

Mleta mada: Basi kitanda kikatwe au kiinuliwe kilingane na kiti, hicho ndicho kipimo chako cha kwanza. Mlango tafuta 90 upana. Ndani, kiti kinahitaji duara la sentimita 150 kugeuka, kwa hiyo hema la watu sita kwenda juu. Kama ni dogo, ingia kinyumenyume utoke mbele. Au usitafute hema la kulala kabisa. Yale ya kivuli ya miguu minne, ya sherehe, yenye kuta za kubandika: hayana sakafu, kwa hiyo hayana kizingiti. Unaingia tu. Ndani unatundika chandarua kizito kinachofika chini na kubanwa chini ya godoro. Ila yanapeperuka, kila mguu ufunge kiroba cha mchanga. Mlangoni tandika mkeka mgumu, magurudumu yasizame.

Binti wa Kolo: Na miba ya migunga? Nimeshatoboa mara nyingi.

Babu wa Mpwapwa: Binti, tia tairi zisizo na upepo, mafundi wa baiskeli wanazo. Ni nzito kidogo ila mwiba unacheka nao.

Mleta mada: Sikulijua hilo. Asante mzee. Binti, ukilala siku kumi rudi uandike, nitaongeza hatua yako juu pale.

Kizota Boy: Nimesoma yote sasa. Ile ndoo ya hatua ya 2 ni ya nini?

Mleta mada: Ndiyo sababu sitoki tena saa tisa usiku. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, kiti cha choo cha plastiki juu, majivu kopo moja pembeni, ikae kwenye kibaraza cha hema. Sasa umesoma.

Mama Zabibu: Kaka, na asali ya Itigi unauza?

Mleta mada: Nyeusi imeisha. Ya kahawia ipo, nitumie ujumbe. Huo nauruhusu.