Kabla chensoo haijaingia shambani: mambo ya kuzingatia unapovuna miti yako Dodoma

Mnunuzi wa miti ana kawaida ya kubisha hodi Januari, mwezi wa ada za shule na ghala lililobaki na mtama wa kukwangua. Anazunguka shamba mara moja, mikono mfukoni, kisha anataja bei ya shamba zima. Usipokuwa na hesabu yako, mtabishana ndani ya hesabu yake. Tangu serikali ihamie Dodoma, na mji kutangazwa jiji mwaka 2018, ujenzi haujalala: mirunda ya kushikia zege inatakiwa Nzuguni, Ilazo na Nkuhungu, na wachoma matofali wanatafuta kuni kila kiangazi. Mwenye mikaratusi iliyokomaa Hombolo, Chamwino au Kongwa ana nafasi ya kujipanga kwanza.

Kuhesabu miti ndiyo kazi ya kwanza, na wengi huiruka. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua miche kama 450, lakini mchwa na jua la mwaka wa kwanza huwa wameshachukua fungu lao, kwa hiyo idadi ya siku ya kupanda haikusaidii. Pita mstari kwa mstari na daftari. Kila mti wa kumi, zungushia futikamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, halafu gawanya mzunguko huo kwa 3.14 upate kipenyo. Mti wenye mzunguko wa sentimita 94 una kipenyo cha 30. Ukiwa na urefu wa mita 12, ujazo wake ni karibu mita za ujazo 0.42. Hapo umezidisha eneo la shina kwa urefu, ukachukua nusu, kwa kuwa shina hupungua kadiri linavyopanda. Ukiupasua kwa msumeno wa duara wa kawaida, mbao zitakazotoka kwa kawaida hazifiki nusu ya ujazo huo. Kinachobaki ni mabanzi na unga wa mbao, na mabanzi yasiondoke bure, maana ni kuni zenye mnunuzi wake.

Kusema kweli, mashamba mengi ya kwetu ni ya mirunda na kuni, si ya mbao. Mvua ya milimita 500 au 600 kwa mwaka haikuzi mti kama wa Mufindi, kule Iringa kwenye mvua nyingi, na anayekuahidi bei ya mbao za Mufindi kwa miti hii mfikirie mara mbili. Panga miti kwa matumizi, paka rangi ile itakayokatwa, kisha nenda mjini ukaulize mrunda mmoja unauzwaje rejareja. Kwenye bei hiyo toa usafiri na faida ya mnunuzi; kinachosalia ndicho cha kujadiliana.

Upande wa sheria ni mfupi lakini haurukwi. Mninga na mpingo ni miti iliyohifadhiwa, haikatwi bila leseni hata kama imeota katikati ya shamba lako. Kando ya mto acha mita 60 bila kugusa, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka. Na hata korongo ambalo mtu angebisha kuwa si mto, mimi ningeliachia miti yake. Wanaokumbuka Kondoa ilivyomomonyoka mpaka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza mwaka 1973 hawahitaji maelezo zaidi. Pitia kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya wilaya ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kukata, uulize vibali, ushuru na hati ya kusafirishia. Mzigo usafiri mchana. Dereva anayetaka kupakia usiku ana sababu zake, na lori likikamatwa, shamba litakalotajwa ni lako. Nyumbani nako, mwenza wako na ndugu mnaochangia ardhi wajue bei kabla ya mnunuzi kulipa.

Sasa fundi wa chensoo. Usimpime kwa maneno wala kwa ukubwa wa mashine. Mwambie akupeleke shamba alilokata mwaka jana, uangalie visiki. Kisiki cha mkaratusi kilichokatwa vizuri kiko chini, sentimita 10 hadi 15, uso wake umeinama kidogo ili maji yatiririke, na gome limeshika pande zote. Machipukizi yanatoka kwenye gome hilo. Ukikuta visiki vimeachwa usawa wa goti, magome yamebanduka, na nyuzi ndefu za mti zimesimama katikati kama ndevu, ujue miti ilichanika wakati ikianguka. Hakukata mdomo wa kuelekeza mti, yaani pengo la upande unaotakiwa kuangukia, au aliharakisha. Fundi huyo atakuharibia mavuno yanayofuata, na siku moja ataua kibarua. Ongea pia na mwenye shamba lile, fundi akiwa hayupo.

Muulize kama msumeno umesajiliwa TFS, kama ana kofia ngumu na viatu, na nani atalipa hospitali mtu akiumia. Jibu la "Mungu yupo" halitoshi. Mkubaliane kwamba mti ukiangushwa, asiyehusika anakaa umbali wa mara mbili ya urefu wa mti huo.

Mimi nisingekubali mnunuzi aje na wakataji wake. Watachagua iliyonyooka, waiangushie juu ya midogo, wakuachie vichaka. Mlipe fundi mwenyewe, kwa kila mrunda uliofikia kipimo mlichoandikiana. Ukimlipa kwa siku, siku zitaongezeka. Mirunda ihesabiwe ikiwa imelala chini, wote mkiwepo, na fedha ziingie kabla lori halijapakia. Karatasi iwe na idadi, vipimo, bei, tarehe ya mwisho ya kuondoa mzigo, na saini za mashahidi mbele ya mtendaji.

Kuhusu wakati, Septemba hadi mapema Novemba ndio mwafaka. Njia bado ni kavu, malori hayazami kwenye udongo mweusi wa mbugani, na mvua za Desemba zinakuta visiki vikiwa tayari kuchipua. Ubaya wake ni kwamba huo pia ni msimu wa moto. Safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba kabla ya kazi kuanza, na matawi yasirundikwe juu ya visiki, maana yakishika moto visiki vinakufa.

Miezi kadhaa baadaye kila kisiki kitakuwa na machipukizi mengi kuliko kinavyoweza kulea. Bakiza mawili au matatu yaliyonyooka na kushika vizuri. Kazi hiyo ipangie mtu na fedha yake tangu siku ya mauzo, kwa sababu fundi akishafunga chensoo kwenye bodaboda harudi kwa ajili ya machipukizi.