Somo: Jopo la usaili wa kazi likikuuliza kuhusu ubaguzi na upendeleo wako

Kila kaunti ikitangaza nafasi, au hoteli za Shela zikianza kuajiri kabla ya wageni wa Desemba, malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale: "Nilijibu yote vizuri, nikaja kukwama kwenye lile swali la upendeleo." Swali hilo sasa linaulizwa na mashirika, mabenki, na hata mahali pa kazi ya mapokezi tu. Basi tulifanyie kazi.

Vijana wengi hujibu hivi: "Mimi sina ubaguzi kabisa, kwangu binadamu wote ni sawa." Maneno mazuri, ila hayana alama. Wajumbe wa jopo huwa na karatasi mbele yao, kila swali na nafasi yake ya alama, na jioni hulinganisha walichoandika. Moyo wako mweupe hauandikiki pale. Kinachoandikika ni jambo ulilolifanya.

Hatua ya 1: Elewa swali linataka nini

Huulizwa kwa sura nyingi. "Umewahi kufanya kazi na watu wa asili tofauti?" "Utahakikishaje kila mtu anasikika?" "Je, wewe una upendeleo?" Chini yake kuna jambo moja: wanataka kujua kama unaweza kuona mtu anaachwa nje hata pale ambapo hakuna aliyemtukana mwenzake.

Hapa Lamu mifano imejaa, tatizo ni kwamba tumeizoea. Chukua mkutano wa kaunti nzima uliowekwa Amu, yaani mji wa Lamu, saa mbili asubuhi. Mtu wa Langoni, mtaa wa mjini humo, atatembea kwa miguu. Mtu wa Kizingitini atategemea mashua, na mashua inafuata maji, kwa hiyo ama alale Amu kwa gharama yake ama asije. Mwisho wa mwaka utasikia watu wa visiwa vya mbali "hawashiriki". Aliyepanga ile saa hakumchukia mtu yeyote. Vivyo hivyo mafunzo yakiwekwa Ijumaa saa saba, au Jumapili asubuhi kule Mpeketoni, au kikao chote kikiendeshwa kwa Kiingereza huku wazee wa Kiaweer kutoka upande wa Basuba wamekaa kimya. Ukiweza kulieleza jopo jambo la namna hii, umewapita wengi waliokuja na hotuba ya umoja wa kitaifa.

Hatua ya 2: Andaa kisa chako nyumbani

Kisa kimoja kizuri kinatosha kujibu maswali matatu. Kigawe hivi: hali ilikuwaje, wewe binafsi ulifanya nini, ikaishaje. Sehemu ya katikati ndiyo iwe ndefu. Watu wetu hupenda kueleza hali kwa dakika nne, halafu wanamaliza na "tukasaidiana, mambo yakaenda sawa". Nani alisaidia? Wewe ulifanya nini?

Sikiliza jibu hili: "Nilikuwa karani wa kikundi cha usimamizi wa ufuo. Nikaona kwenye daftari kwamba wanawake wanaouza samaki hawaji vikaoni. Niliwauliza, wakaniambia saa ya kikao ndiyo saa vyombo vinapoingia. Nikampelekea mwenyekiti pendekezo la kusogeza kikao hadi baada ya alasiri. Mwanzoni wazee wawili walikataa, nikawaomba tujaribu mwezi mmoja. Wanawake wakaanza kuja, na mmoja wao sasa ni mweka hazina."

Jibu hilo linasemwa kwa dakika moja na nusu hivi. Kuna alichokiona, kuna aliowauliza, kuna upinzani, kuna matokeo. Usikivike kisa chako mapambo, jopo likikuuliza "huyo mwenyekiti alisemaje?" uwe na la kusema.

Tahadhari moja. Usichague kisa cha mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wala ugomvi wa ardhi. Hujui aliyeketi mbele yako alimpoteza nani, na hutapata muda wa kulieleza jambo hilo kwa haki.

Hatua ya 3: "Je, wewe una upendeleo?"

Hapa ndipo wengi huapa. Usiape. Mwaka 2004 wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Boston na Chicago. Walituma maombi ya kazi ya watu wa kubuni wenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa majina. Maombi yenye majina ya kizungu yaliitwa kwa takriban asilimia 50 zaidi ya yale yenye majina ya Wamarekani weusi. Sidhani kama waajiri wote wale wangekubali kuitwa wabaguzi. Na hapa kwetu jina linasema mengi zaidi: ukisoma Kadzo, Wanjiku au Mwanaisha juu ya bahasha, tayari umeshampa mtu kijiji, dini na tabia kabla hujaifungua.

Kwa hiyo kubali, kisha ueleze unavyojizuia. Mfano: "Ninao. Mtu akizungumza kwa lafudhi ya nyumbani, namwamini haraka kuliko inavyofaa. Tulipokuwa tunachagua vijana wa kugawa vyandarua, niliomba tuandike sifa kabla ya kufungua maombi, tumuulize kila mmoja maswali yaleyale, na kila msaili aweke alama peke yake kabla ya kujadiliana." Upendeleo unaoutaja uwe wa kweli na uwe na dawa. Ukisema "siwapendi watu wa mahali fulani ila najitahidi", umejifungia mlango mwenyewe. Na wale wanaojibu "tatizo langu ni kuwapenda watu wote kupita kiasi", tafadhali, jopo limeshalisikia.

Hatua ya 4: "Mwenzako akisema neno la kikabila, utafanya nini?"

Fupi tu. Mwambie faraghani kwamba neno lile halifai na kwa nini. Aliyetajwa muulize angependa lishughulikiwe vipi. Likirudiwa, au aliyelisema akiwa bosi, lipeleke kwa anayehusika na wafanyakazi likiwa limeandikwa tarehe. Usijigeuze shujaa wa kupiga kelele ofisini, wala usiseme "nitanyamaza kulinda amani".

Hatua ya 5: Swali lenyewe likiwa la ubaguzi

"Umeolewa? Una mpango wa kuzaa lini? Wewe ni kabila gani?" Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, ujauzito, ndoa, ulemavu, mavazi, lugha na mingineyo. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 5, inamlinda hata anayeomba kazi, na shauri likifika mahakamani mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Lakini chumbani mle hutaki kesi, unataka kazi. Jibu wasiwasi ulio nyuma ya swali: "Kama mnataka kujua kama nitaweza safari za Kiunga na kurudi usiku, naam, nimezifanya." Ukitoka, andika swali lilivyoulizwa, tarehe, na waliokuwepo. Huenda usilihitaji, ila ukilihitaji utalishukuru.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mokowe: Salaam aleikum dada. Fomu ya kaunti inauliza kabila. Huo si ukabila wenyewe?*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Fomu ina sababu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isizidishe theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti ile. Bila kuuliza, hesabu hiyo haifanyiki. Fomu ijaze. Kuulizwa kabila ana kwa ana ili uonekane "wetu" ni habari nyingine, na hapo rudi hatua ya 5.

*Mwanachama wa Matondoni: Dada, navaa buibui. Hotelini wameniuliza kama nitamhudumia mgeni anayekunywa pombe.*

Kwanza amua mwenyewe kabla ya kwenda, maana jibu la kusitasita ndilo linalokuangusha. Swali hilo linaweza kuwa la haki kama kazi ni ya baa. Kwa kazi ya mapokezi au hesabu halina uzito. Sema wazi: "Kumimina pombe siwezi, lakini mapokezi, vyumba na malipo nitayafanya kwa kila mgeni, na nitamheshimu." Kama hicho ndicho kiini cha kazi, omba nafasi nyingine hapohapo. Vazi usiliombee radhi. Mavazi na dini vyote vimetajwa kwenye Katiba. Uliza tu kanuni yao ya sare, na kama mtandio wa rangi ya sare unakubalika.

*Mwanachama wa Mpeketoni: Nimezaliwa hapa, lakini jina langu la Kikikuyu likisomwa naulizwa "kwenu hasa ni wapi?" Najibuje bila kukasirika?*

"Kwetu ni Mpeketoni, Lamu. Wazazi wangu walihamia." Kisha nyamaza, mwache yeye aendelee. Usianze historia ya mpango wa makazi wala kujitetea kwamba wewe ni mwenyeji. Ukipata upenyo, taja unavyoijua kaunti: umefanya kazi Hindi, unazijua ratiba za mashua za Faza.

*Mwanachama wa Amu: Msaili alinitupia, "Nyinyi watu wa Pwani mnasemekana ni wavivu." Nikabaki mdomo wazi.*

Pengine alikuwa anakupima, pengine anaamini hivyo. Jibu ni lilelile: "Hilo nimelisikia. Kazi yangu ya mwisho nilikuwa gatini saa kumi na moja alfajiri kupokea mizigo. Mkuu wangu yumo kwenye orodha ya wadhamini, mnaweza kumuuliza." Usirudishe kwa kusema watu wa bara nao wana lao.

*Mwanachama wa Siyu: Ndiyo kwanza nimemaliza chuo, sijawahi kuajiriwa. Kisa nitakitoa wapi?*

Mwanangu, umewahi kuwa kwenye kamati ya Maulidi? Umepanga ligi ya mpira baina ya vijiji? Umefundisha madrasa yenye watoto wa Kiorma na wa Kibajuni? Mafunzo ya kazini je? Ulipokuwa umepangiwa chumba chuoni na mtu wa Turkana au Kisii, mligombania nini, na mkakubaliana vipi? Andika viwili, nisomee kwa sauti Alhamisi, saa mkononi, nami nitakukatiza kama jopo linavyokatiza.