Kupanda Meru bila kampuni wala wapagazi

Shemeji yangu anapanda Mlima Meru, Arusha, peke yake mwezi ujao na maswali yake yamejaa kwenye simu yangu. Namjibu hapa mara moja, na wengine mfaidike.

1. Kibali na askari. "Peke yako" maana yake huna kundi wala mpagazi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha hupandi bila askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Fika lango la Momella mapema ili uunganishwe na wanaoondoka asubuhi hiyo. Usimtangulie askari, hata akitembea kama anayesindikiza bibi harusi.

2. Ratiba. Momella hadi kambi ya Miriakamba (mita 2,514), kesho yake kambi ya Saddle (mita 3,570), usiku kilele, kisha kushuka. Chukua siku nne. Wanaobana ziwe tatu ili kuokoa ada huteremka magoti yakiwaka moto. Kupanda, omba njia ndefu ya msituni. Ile fupi ya mbugani iache ya kushukia.

3. Viatu. Mtumba, soko la Memorial pale Moshi au la Kilombero hapa Arusha. Buti za ngozi, siyo zile mpya zinazong'aa. Kunja soli kwa mikono miwili: ikifunguka pembeni, rudisha.

4. Kufungasha. Hapa ndipo watu wanapoteza safari. Msitu wa Meru unalowesha hata siku isiyo na mvua: ukungu unashika kwenye ndevu za miti, zile zinazoning'inia matawini, unadondoka shingoni kwako saa nzima. Lile koti la mvua la begi mimi silitaki. Maji hupita mgongoni, yanashuka kwenye mikanda, yanatuama chini, palepale ulipoweka mfuko wa kulalia.

Kinga iwe ndani. Nunua nailoni nzito dukani kwa pembejeo, ile ya kuhifadhia mbegu, ndefu kuliko begi. Itandaze ndani ya begi likiwa tupu. Mfuko wa kulalia unaingia kwanza, halafu nguo za usiku, ambazo hazivaliwi kutembelea hata ukitetemeka. Kandamiza kwa goti hewa itoke, sokota shingo ya nailoni mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje chini, funga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani ikilowa hutaifungua kwa vidole vya baridi, tyubu inafunguka.

Vizito (chakula, jiko la gesi, sufuria) vikae juu ya nailoni, karibu na mgongo. Vikikaa mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma, na kati ya Miriakamba na Saddle ni ngazi tupu. Koti lako la mvua la kuvaa liwe juu kabisa. Simu na kitambulisho viwe na nailoni yao ndogo. Kabla ya kuondoka mwagia begi ndoo nzima ya maji, subiri, fungua. Kukiwa na unyevu, badilisha nailoni. Usiibandike gundi.

5. Chakula. Chapati za kutosha siku mbili, kisha uji, karanga, sukari nyingi. Kuni za hifadhini haziguswi. Beba lita tatu za maji, usitegemee njiani.

6. Usiku wa kilele. Mita 4,562. Begi kubwa linabaki Saddle. Tochi iwe ya kichwani, na betri za akiba zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi inazimaliza.