Fikicha Jani Kabla ya Kushika Panga

Katika shamba moja karibu na Konde, Pemba, mkulima alinipeleka chini ya mkarafuu mkubwa kunionesha miche minane iliyojiotea. Kwa miaka mitatu alikuwa akiifunika makuti kila jua la kaskazi linapokaza, na kuitilia maji kwa ndoo. Nilichuma jani moja, nikalifikicha kiganjani, nikampa anuse. Halikuwa na harufu ya karafuu hata kidogo. Yote minane ilikuwa mizambarau, mbegu zake bila shaka zimedondoshwa na popo waliokuja kulala juu ya mti. Mzee yule alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Na ile tuliyoifyeka mwaka jana, bwana shamba?" Sikuwa na jibu.

Mkarafuu na mzambarau ni miti ya ukoo mmoja, kwa hiyo si ajabu macho yakidanganyika. Yote miwili hutoa majani mawili mawili yanayotazamana, magumu kidogo na yenye kung'aa. Lakini jani la mkarafuu ni jembamba zaidi, limechongoka ncha, na kikonyo chake kina wekundu na kimevimba kidogo pale kinaposhikana na kijiti. Jani changa hutoka na rangi ya waridi. Ukilifikicha, harufu ni ile ile ya karafuu ya jikoni, hata kama mche hauzidi kimo cha kidole. La mzambarau ni pana, na harufu yake inakaribia ya tapentaini. Pua haikosei hapa, basi itumie kila mara.

Mdalasini ndio unaowaponza vibarua wa palizi, kwa sababu nao hutoa majani mekundu na ndege huusambaza kila pembe ya shamba. Usiangalie rangi, angalia mishipa. Jani la mdalasini lina mishipa mitatu mikubwa inayoanzia karibu na kikonyo na kwenda sambamba kuelekea nchani. La mkarafuu lina mshipa mmoja wa kati, na ya pembeni ni membamba, huioni vizuri mpaka uliinue jani juani. Mimi huwaomba wenye mashamba wamfundishe kila kibarua jambo hili kabla hajaingia shambani, kisha wafunge kitambaa kwenye mti mmoja mmoja wa kubakishwa. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mingine haina tabu. Jani la mshelisheli ni kubwa na limekatika kama vidole. La mfenesi mkubwa ni zima na la mviringo. Na yote miwili hutoa utomvu mweupe. Jani la mdoriani ukiligeuza, upande wa chini unang'aa kama shaba. Mkungumanga majani yake hukaa moja moja kwa kupishana, na una mume na jike. Hutajua upi ni upi mpaka utoe maua, na hilo huchukua miaka 6 au zaidi, kwa hivyo panda kadhaa, na ikishachanua bakisha dume mmoja kwa majike kumi hivi.

Ukishaujua mti, ulinde gome lake. Hili ndilo ninalolisema mpaka sauti inakauka. Mkarafuu una gome jembamba, na kila jeraha ni mlango wa kuvu wanaokausha matawi kuanzia nchani. Wakati wa kuchuma, vuta tawi kwa ngoeko, ule mti wenye ncha ya kulabu, polepole na ukate kikonyo kwa mkono. Mchumaji anayevunja tawi zima ili ajaze pishi haraka anakula mavuno ya mwaka unaofuata. Tawi likishakauka, likate wakati wa kiangazi, kwa msumeno au panga kali uliyoipitisha motoni, chini ya pale mti unapoonekana kahawia ndani, mpaka ufikie mbao nyeupe. Lililokatwa litoe shambani, usiliache chini.

Mwezi uliopita niliona mkarafuu wa miaka kumi na tano hivi umezungukwa na mfereji wenye upana wa kidole, gome limeliwa hadi kwenye mti. Ilikuwa kamba ya mbuzi. Mbuzi alifungwa hapo kila jioni, na kamba ilisugua. Juu majani yalikuwa bado ya kijani, lakini ya chini yalishaanza kuwa manjano. Mfunge mbuzi kwenye kigingi, nakuomba.

Moto wa kusafishia majani usiukaribishe hata kwa hatua kumi. Palizi yenyewe iwe ya juu juu, maana mizizi inayolisha mkarafuu iko karibu sana na uso wa ardhi na jembe linaikata. Majani uliyoyafyeka yatandaze kuzunguka mti, ila yaache umbali wa shubiri mbili kutoka shinani, kwa sababu mchwa hupenda kujificha humo. Ukiona vichuguu vyembamba vya udongo vimepanda shina, vikwangue leo, ufuatilie kiota chao, na ung'oe visiki vilivyooza jirani.

Mti mkubwa ukipoteza majani yote ghafla na kufa katika muda mfupi, wazee huita kufa ghafla. Hauna dawa. Uite mtaalamu wa kilimo wa shehia yako auone, kisha ung'olewe.

Upande wa Ngezi, kwenye mashamba yaliyopakana na msitu wake, mche wa mvule hutambulikana kwa jani lenye meno meno pembeni na lenye kukwaruza kidogo. Ukikomaa, jani huwa laini na meno hupotea. Vivimbe kwenye majani hayo ni kazi ya mdudu mdogo, na mche uliopandwa peke yake juani huumia zaidi kuliko ulio chini ya kivuli cha miti mingine. Kuukata mvule mkubwa kunahitaji kibali chini ya sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996, hata kama umeota shambani kwako.

Mikarafuu mipya ipandwe masika, kwa umbali wa mita 8 hadi 9, kwenye mwinuko na si kwenye bonde la mpunga, kwani haipendi maji yaliyotuama. Mpe kila mche kivuli cha migomba kwa miaka miwili ya mwanzo. Mzee wa Konde naye ataanza tena masika haya, na tumeahidiana kufikicha jani la kila mche kabla haujaingia shimoni.