Namna ya Kulinganisha Taswira za Akili Mnemba na za Programu za Kawaida kwa Kutumia Nyumba Iliyokwisha Kujengwa

Taswira, yaani picha ya jengo kabla halijajengwa, siku hizi hutengenezwa ama kwa akili mnemba ama kwa programu za kawaida zinazohesabu mwanga. Wabunifu majengo wengi hulinganisha njia hizi mbili kwa kuziweka picha kando kwa kando na kuuliza ni ipi inayovutia zaidi. Kwa kipimo hicho akili mnemba hushinda mara nyingi, kwa kuwa imefundishwa kwa wingi mkubwa wa picha, nyingi zikiwa za watu wanaojua kupanga mwanga na pembe. Kipimo hicho hakitoshi. Picha tunayomkabidhi mteja ni ahadi ya kitu kitakachosimama kwenye kiwanja chake kwa fedha zake, kwa hiyo yatupasa tujue kila njia inasema kweli kuhusu jambo gani, na inapokosea inakosea wapi. Njia bora niliyoipata ya kujibu swali hilo ni kufanya jaribio kwa nyumba ambayo uliibuni mwenyewe, imekwisha kujengwa, na unayo picha yake halisi ya kamera ya kuamulia.

Anza basi kwa kuichagua nyumba hiyo. Chagua nyumba ndogo, ambayo modeli yake ya pande tatu (3D) bado unayo kwenye kompyuta na vipimo vyake unaviamini. Nenda ukaipige picha mwenyewe, kamera ikiwa kwenye kimo cha macho, yaani kama mita 1.6 kutoka chini, kisha uandike mahali uliposimama, mwelekeo wa kaskazini, tarehe na saa. Mfano nitakaoutumia hapa ni nyumba ya chini iliyoko Dar es Salaam: uso wake unatazama kaskazini, ina baraza, paa la bati la msauzi la kijani, na ukuta mmoja wa matofali ya maua. Picha yake ilipigwa Juni 21, saa 6:25 mchana, na wakati huo haukuchaguliwa kwa bahati. Mji huo uko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na siku hiyo, kwenye dakika hizo, jua huwa limefika kileleni upande wa kaskazini, kwenye kimo cha karibu nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Kivuli cha wakati kama huo unaweza kukihesabu kwa penseli, na kwa sababu hiyo hakuna programu itakayoweza kukudanganya.

Hesabu yenyewe ni fupi. Upenu wa paa umejitokeza sentimita 90 nje ya ukuta, na ukingo wake uko mita 2.7 juu ya sakafu. Kwa jua la nyuzi 60, kivuli hushuka ukutani takriban mita 1.55, hivyo kinakoma kwenye kimo cha mita 1.15 hivi. Ukingo wa chini wa dirisha uko sentimita 90. Maana yake ni kwamba kwenye sehemu ya chini ya kioo hubaki ukanda wa jua wa kama sentimita 25, na ndivyo picha ya kamera inavyoonyesha: dirisha limefunikwa na kivuli, isipokuwa mstari huo mwembamba unaong'aa.

Sasa tengeneza taswira kwa programu ya kawaida. V-Ray, Enscape, Twinmotion na Blender zote zinafaa kwa jaribio hili. Weka latitudo na longitudo ya mahali, zungusha modeli hadi kaskazini iwe sahihi, ingiza tarehe na saa, kisha weka kamera mahali pale pale uliposimama. Programu za aina hii hufuata njia ya mwanga: miale hugonga uso, sehemu humezwa, sehemu huruka kwenda uso mwingine. Msingi wa hesabu hiyo uliandikwa kwa umbo la mlinganyo mmoja na James Kajiya mwaka 1986, na programu nyingi za leo bado zinautafutia majibu ya makadirio kwa mbinu mbalimbali. Ukiingiza vipimo sahihi, ukanda wa sentimita 25 utauona. Usipouona, rudi kwenye modeli yako, kwa maana kosa liko kwenye mwelekeo wa kaskazini, kwenye tofauti ya saa, au kwenye upenu wenyewe.

Akili mnemba hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Programu zake za kutengeneza picha ziitwazo modeli za usambazaji (diffusion), kama Stable Diffusion iliyotolewa Agosti 2022, huanza na picha iliyojaa chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi, na kuzisafisha hatua kwa hatua kuelekea picha inayofanana na zile ilizofundishwa na yale uliyoyaeleza kwa maneno. Ndani yake hamna jua, latitudo wala ukuta. Imejifunza tu jinsi picha za kuta zenye jua zinavyoonekana. Kwa kazi yetu ingekuwa na manufaa madogo kama isingekuwa mbinu ya ControlNet, iliyotangazwa Februari 2023, ambayo huiwezesha kufuata mistari au picha ya kina, yaani ya umbali kutoka kwenye kamera, unayoipa. Kwa hiyo toa kutoka kwenye modeli yako picha mbili za pembe ile ile: moja ya mistari mitupu isiyo na vivuli wala rangi, nyingine ya kina, ambamo vilivyo karibu ni vyeupe na vya mbali ni vyeusi. Ipe akili mnemba picha zote mbili. Ukiiongezea picha ya tatu yenye rangi ili ianzie hapo, utakutana na kipimo cha nguvu ya mabadiliko, kutoka 0 hadi 1. Karibu na 0 picha yako hubaki karibu ilivyo, na karibu na 1 huachwa kabisa. Fanya majaribio matatu, kwa 0.3, 0.5 na 0.7, ukiitunza namba ile ile ya mbegu, yaani namba inayoamua chenga za kuanzia, ili tofauti unayoiona itokane na kipimo peke yake. Katika maelezo taja vitu: bati la kijani lenye migongo, plasta nyeupe, matofali ya saruji yenye matundu, udongo mwekundu. Maneno kama «ya kifahari» au «ya kisasa» huita nyumba za watu wengine.

Ukishapata picha zote, zichapishe kwenye karatasi pamoja na ile ya kamera, uchukue kalamu nyekundu, na uhesabu. Hesabu madirisha, nguzo, vidato vya ngazi, na safu za matofali ya maua. Fanya hivyo kwa subira, kwa kuwa makosa ya akili mnemba hayapigi kelele. Katika jaribio langu picha ya 0.3 ilishika umbo vizuri, ila mwanga ulikuwa dhaifu na plasta ikaonekana kama plastiki. Picha ya 0.5 ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kivuli kilikuwa kinakuja kwa mshazari kutoka kulia, kama cha saa kumi jioni, kikaacha nusu ya dirisha kwenye jua. Bati la migongo lilikuwa limegeuka vigae vya udongo karibu na kona ya paa. Matofali ya maua, yaliyokuwa safu sita zenye ua moja linalojirudia, yalikuwa safu saba upande mmoja na tano upande wa pili, na ua lilikuwa likibadilika umbo kadiri jicho linavyosogea. Kwenye 0.7 baraza lilikuwa limeongezewa nguzo.

Jambo hilo la nakshi ni zito zaidi kwa wanaofanya kazi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mlango wa nakshi una mnyororo wake, yungiyungi lake na mitende yake, na kila kimoja kimechongwa kwa mpangilio unaosomeka. Akili mnemba hutoa mlango unaopendeza kutoka hatua kumi, lakini ukiukaribia mnyororo hauungani na ua halina idadi ya petali. Katika kazi ya ukarabati piga picha ya mlango wenyewe na uibandike kwenye modeli kwa programu ya kawaida. Sioni njia nyingine iliyo ya heshima.

Jaribio la pili ni la marekebisho, na linakaribiana sana na maisha ya ofisini. Jifanye mteja amesema, «Naomba ubadilishe rangi ya bati tu, iwe nyekundu.» Kwa programu ya kawaida unabadilisha rangi ya bati peke yake, unairudia taswira, na kila kitu kingine hubaki mahali pake, isipokuwa mwako kidogo wa wekundu ambao paa halisi lingeutoa kwenye kuta za jirani. Kwa akili mnemba, kubadilisha neno moja kwenye maelezo kunaweza kuhamisha miti, kugeuza wingu na kuondoa kitasa, hata namba ya mbegu ikiwa ile ile. Dawa yake ni kuchora kinyago, yaani alama ya kutenga eneo la picha, juu ya paa na kuiagiza ibadilishe eneo hilo peke yake. Kisha omba picha ya upande wa nyuma wa nyumba hiyo hiyo. Hapo ndipo pengo huwa pana zaidi, maana modeli ya vipimo ni moja kwa pembe zote, ilhali akili mnemba huibuni nyumba upya kila pembe.

Kuhusu muda, hesabu kila kitu, pamoja na saa za kusahihisha. Taswira ya akili mnemba hutoka kwa sekunde, lakini ile ya kukubalika niliipata baada ya picha zipatazo arobaini. Kuhusu gharama, Blender ni bure, na Twinmotion ni bure kwa ofisi ambazo mapato yake hayafiki dola milioni 1 kwa mwaka. Mzigo halisi ni kadi ya grafiki na umeme. Huduma za akili mnemba za mtandaoni hukuondolea mzigo wa kadi na kukutwisha wa bando. Chunguza pia faragha: kwa huduma kama Midjourney picha huonekana na watumiaji wengine usipolipia hali ya siri, na nyumba ya mteja si yetu kuitangaza.

Baada ya majaribio haya nimegawa kazi hivi. Akili mnemba naitumia wiki ya kwanza, wakati modeli bado ni maboksi na mteja hajui kama anapenda mawe au plasta, na hapo sijaona kitu kinachoipita. Naitumia tena mwishoni, kwa nguvu isiyozidi 0.3, kuongeza majani, watu na mawingu juu ya taswira iliyokwisha kuhesabiwa. Katikati, pale fundi, mhandisi na mkadiriaji majenzi watakapoitazama picha, natumia programu ya kawaida peke yake. Niliwahi kumtumia mteja picha ya akili mnemba bila maelezo yoyote. Akaipeleka kwa fundi kwa WhatsApp, naye fundi akachimba shimo la nguzo ambayo haikuwa kwenye mchoro. Shimo lilifukiwa siku hiyo hiyo, lakini mteja alikuwa amekwisha kuipenda ile nguzo, na ilinibidi nimweleze kwamba sikuwa nimeibuni. Tangu hapo kila picha ya aina hiyo inatoka ofisini ikiwa na maandishi ndani ya picha yenyewe, kwenye kona ya chini ambako hayakatiki kirahisi: «Picha ya wazo. Isitumike kujengea. Fuata michoro yenye vipimo.»