Somo: Taa za kudumu za ukingo wa paa zinazoendeshwa kwa simu

Wadau, somo hili nimeliandika nikizifikiria nyumba za Tanga zilizo karibu na bahari, kama Raskazone. Huku chumvi inaua taa mapema kuliko mvua.

Hatua ya 1: Elewa mfumo. Umeme wa TANESCO wa volti 230 unaingia kwenye adapta na kutoka volti 12 au 24. Kontrola inapokea amri ya simu kwa Waifai, inaituma kwenye waya wa data. Kila taa ina chipu: inachukua amri yake, zilizobaki inazipitisha kwa taa inayofuata. Ndiyo maana kila moja huweza kuwa na rangi yake.

Hatua ya 2: Pima paa, piga hesabu. Taa ya volti 12 inayotumia ampea 0.06 inakula wati 0.72. Taa 100 zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote ni wati 72, basi chukua adapta ya wati 100.

Hatua ya 3: Funga reli ya aluminiamu kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), taa zitazame chini.

Hatua ya 4: Viungo. Hapa nawasihi msiharakishe. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa selotepu haufiki mbali. Hewa ya chumvi inapenya, shaba inaota kutu ya kijani. Chomelea kwa risasi, kisha vika mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Taa ziwe za IP67, yaani zisizopenywa na vumbi wala maji. Adapta na kontrola zikae kwenye boksi lisilopitisha maji, kivulini. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Hatua ya 5: Unganisha simu. Kontrola nyingi hushika Waifai ya masafa ya 2.4 GHz tu, si ya 5 GHz.

MASWALI

– Fundi, bando likiisha taa zinazima?
Hazizimi. Kontrola zenye programu kama WLED huzungumza na simu ndani ya Waifai ya nyumbani, bila intaneti. Zipo zinazotegemea seva ya kampuni kupitia intaneti. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

– Kaka, zangu za mwanzo ni nyeupe, za mwisho zimekuwa nyekundunyekundu.
Dada, umeme unapungua njiani. Vuta waya mnene kutoka kwenye adapta hadi mwisho wa mstari, uziongezee nguvu huko. Volti 24 huhimili umbali zaidi.

– Zangu zimezima kuanzia katikati.
Data imekatika. Kagua taa ya mwisho inayowaka, ya kwanza iliyozima, na kiungo kilicho kati yao.