Sahani za almasi: anza kununua zile za kati

Wanaoanza kukata vito huniuliza kwanza kuhusu sahani ya kung'arishia, moja ya yale mabamba ya mviringo yanayozunguka kwenye mashine na ambayo kito husuguliwa juu yake. Nawaelewa, maana kito kikianza kuwaka moyo nao unawaka. Lakini mimi huwarudisha nyuma hatua mbili: nionyeshe sahani yako ya namba 1200, kisha ile ya 3000. Kito hupona au huharibikia hapo, kwa hiyo fedha yako iende hapo kabla ya kwenda kwingine kokote.

Namba za sahani husomwa kama za msasa: namba ikipanda, chembe hupungua ukubwa. Kwa makadirio, sahani ya 260 ina chembe za maikroni 60 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ya 600 ina za 30, ya 1200 ina za 15, ya 3000 ina kama 6, ya 8000 ina 3, na unga wa 50000 ni nusu maikroni. Watengenezaji hawapimi sawa, hivyo ukichanganya sahani za watu wawili, uliza maikroni, usiridhike na namba.

Somo hili lilinigharimu turmalini ya kijani. Niliipa umbo kwenye 260, nikaipitisha kidogo tu kwenye 600, nikarukia 3000 kwa sababu macho yangu yaliona uso wa kijivu uliolingana vizuri. Nilipofika kwenye kung'arisha, uso wa tatu, yaani bapa la tatu kati ya yale yaliyokatwa kwenye kito, ukaanza kutoa vishimo na mikwaruzo myeupe, kana kwamba vinachipuka kutoka ndani. Nikaosha sahani, nikabadilisha unga, nikapunguza mwendo wa mashine. Siku mbili nzima nilitafuta uchafu ambao haukuwapo. Tatizo lilikuwa ndani ya kito chenyewe. Chembe kubwa haikwaruzi juu tu, hupasua na sehemu iliyo chini ya mkwaruzo, na nyufa hizo ndogo huwezi kuziona mpaka ufike kwenye mng'ao. Nilirudi 600 nikakata upya sehemu yote ya chini, na kito kikapungua upana wa kiunoni.

Tangu hapo, kito chenye upana chini ya milimita 10 hakigusi 260 yangu kabisa. Naanza na 600. Kikiwa kikubwa, 260 inafanya kazi ya kuondoa tu, na naiacha wakati bado kuna nyama ya kutosha ya kuliwa na 600. Kisha 1200 ndiyo inayopanga nyuso: pembe zote zikutane pale zinapotakiwa kukutana kabla hujaiacha. Kwenye 3000 hupangi tena, unafuta alama za 1200. Ukijikuta unasahihisha pembe kwenye 3000, ujue uliharakisha nyuma.

Sasa aina. Sahani nyingi utakazokutana nazo zimefunikwa almasi kwa nikeli: safu moja ya chembe imeshikwa juu ya bamba la chuma. Ni nafuu, zinakata haraka, na hazihitaji kupakwa kitu zaidi ya maji. Ubaya wake ni kwamba safu hiyo ikiisha, sahani imeisha. Tena ikiwa mpya huwa na chembe zilizochomoza kupita wenzake, kwa hiyo 1200 mpya inaweza kukwaruza kama 600. Usiitie kito cha mtu siku hiyo. Chukua kipande cha akiki kisicho na thamani, kikandamize kwa mkono huku maji yakitiririka, ukipeleke kutoka katikati hadi ukingoni na kukirudisha, mpaka sauti ya ukwaruaji iwe nyororo na moja.

Aina ya pili ni zile ambazo almasi imechanganywa na unga wa metali, kisha mchanganyiko ukashindiliwa na kuunguzwa ukawa kitu kimoja. Almasi imeenda chini kwa kina, kwa hiyo juu kukiisha makali, chini kuna nyingine. Bei yake ni ya juu, lakini kama unakata kila siku, nunua 600 au 1200 ya namna hii uishi nayo miaka. Ikianza kuteleza bila kukata, isugue kwa kijiwe cha kunolea cha oksidi ya alumini, metali ya juu iliwe na almasi mpya ichomoze.

Ya tatu ni sahani tupu ya shaba, zinki au bati ambayo unaipaka unga wa almasi mwenyewe pamoja na mafuta kidogo. Hii naipenda kwa hatua ya 3000 na kwenda juu, hasa kwa yakuti. Chembe huzama kwenye metali laini, zikabaki kimo kimoja, na alama zake huwa fupi na rahisi kufuta. Kumbuka tu kwamba sahani moja ni ya namba moja, milele. Shaba iliyowahi kupakwa 1200 huwezi kuifanya ya 8000 kwa kuifuta na kitambaa.

Kabla ya kulipa, fanya haya. Pima tundu la katikati: mashine nyingi zina mhimili wa milimita 12.7, na sahani ni za sentimita 15 au 20. Lilaze bamba la sahani juu ya kioo kinene, ubonyeze ukingo pande zote, likicheza, limepinda. Kama kuna mashine karibu, lizungushe taratibu ukitazama ukingo kwa usawa wa jicho. Ukingo ukipanda na kushuka, nyuso ndogo hutaziweza, kwani kito kitakuwa kinagongwa badala ya kukatwa. Bamba jembamba linaweza kusaidiwa kwa kuwekewa sahani nene iliyonyooka chini yake. Lililopinda na ni nene halina msaada.

Kung'arisha kunategemea jiwe. Kwatsi, ikiwemo amethisto, huitikia unga wa oksidi ya seriamu kwenye sahani ya plastiki vizuri kuliko almasi, kwa hiyo usinunue almasi ya 50000 kwa ajili yake. Yakuti, yenye ugumu wa 9, inaitaka almasi hiyo juu ya bati au zinki, kwa mwendo wa polepole. Topazi nayo inapasuka kirahisi kufuata mwelekeo mmoja. Uso ukilala sambamba na mwelekeo huo hautang'aa kwa sahani yoyote, hivyo ugeuze kito nyuzi 5 au zaidi kabla ya kuanza.

Kila sahani yangu ina mfuko wake, na nyuma yake nimeandika namba kwa wino usiofutika, pamoja na mwezi niliyoanza kuitumia. Nikitoka namba moja kwenda nyingine naosha kito, kijiti kinachokishika, beseni la mashine na mikono, hadi chini ya kucha kwa brashi. Chembe moja ya 600 ikifika kwenye bati la kung'arishia, itazama humo, na njia ya kuitoa ni kuchonga uso wote wa bati upya.